Kivuli Kilichopanda Mlingoti

Haki ya Mungu, yote nitakayoandika hapa ni kweli tupu, na kama kuna neno moja la kubuni basi kidole changu cha kuandikia kikauke. Nasema mapema kwa sababu najua sifa yangu hapa Makambako. Kuna watu wakiniona nafungua mdomo wanaanza kucheka kabla sijasema hata hujambo. Safari hii wasicheke. Safari hii nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, na lililo baya zaidi, mimi ndiye niliyeanzisha.

Jina langu ni Filemoni Luvanda. Nina miaka sabini na minne. Shule niliishia darasa la saba, na kila ninachokijua kuhusu mitambo nimejifundisha mwenyewe kwa kufungua vitu na kushindwa kuvifunga. Miaka thelathini nilikuwa kwenye kampuni ya minara ya simu, enzi zile simu zilikuwa bado zinahitaji minara. Kuanzia Mafinga mpaka Tunduma, hakuna mnara ambao sikuupanda. Siku moja upepo wa Igawa ulinibeba mzimamzima, nikauma waya kwa meno, nikaendelea kukaza nati kwa mikono yote miwili. Meno haya haya unayoyaona.

Basi. Tangu mke wangu Sikitu afariki, naishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vinne. Kimoja nalala, vitatu nafagia. Kila Jumapili saa nne kamili asubuhi, spika iliyoko mezani inalia, na mwanangu Joeli ananisalimia kutoka Mwanza.

"Shikamoo baba. Magoti yanaendeleaje?"

Sauti ni ya Joeli kabisa, hata ule mkoromo wa puani aliourithi kwa mama yake. Mwaka mzima nilidhani ni yeye. Kisha nikakumbuka kwamba Joeli niliyemzaa hajawahi kuniacha nimalize hadithi hata moja tangu akiwa na miaka sita. Huyu wa Jumapili alikuwa anasikiliza hadi mwisho, halafu anasema, "Asante baba, nimefurahi." Kilikuwa kivuli chake, ule mtambo unaoongea kwa sauti ya mtu badala yake. Mwenyewe yuko kazini, au amelala, sijui. Sikumwambia kwamba nimegundua. Ningemwambia nani?

*

Osmunda alikuja siku ya Alhamisi, mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye vizingiti vya milango.

"Hodi humu."

"Karibu, kama si wewe unayekuja kunihubiria."

Akaingia binti mwembamba, sweta la kijani, mkoba wa kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Naitwa Osmunda Ngonyani. Nimepanga chumba nyuma ya ile mashine ya zamani ya kukoboa."

"Ngonyani!" Nikapiga paja. "Mngoni ndani ya nyumba yangu! Nyie si ndio mlitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini kwa sababu hamkuwa na mtu wa kuwaelekeza njia?"

Akanitazama. Nikadhani amekasirika. Kisha mdomo ukamcheza upande mmoja. "Tuliwauliza Wahehe njia, babu. Wote mlikuwa mmejificha kwenye mapango."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Unaelewa, Mhehe na Mngoni ni watani. Mtani wako anaweza kuja kwenye msiba wa baba yako akalala kwenye jeneza na kudai marehemu alimwahidi ng'ombe, na wewe huna haki ya kukasirika. Maneno ya mtani hayawekwi kwenye mizani. Miaka mingi hakuna aliyekuwa amenitania. Nikachemsha chai.

"Nimekuja kukuomba ushahidi," akasema. "Kivuli changu hakina shahidi."

Tayari nilikuwa nayajua haya nusu nusu, lakini yeye alinieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyezoea kuongea na skrini. Mwajiri siku hizi hamwiti mtu, anaita kivuli chake. Mwanafunzi anaanza kukijenga mwaka wa kwanza wa chuo: picha, kazi alizofanya, maelezo mafupi ya yeye ni nani, maoni yake juu ya fani. Kivuli kinakua. Kinahudhuria mikutano usiku na mchana, kinajibu barua, kinafahamiana na vivuli vingine, kinafanya usaili. Mhitimu ana siku mia moja baada ya mahafali. Zikiisha kivuli chake hakijakomaa, jina linashuka chini ya orodha, kule ambako hakuna anayesoma.

"Mimi zimebaki siku kumi na tisa," akasema. "Nina kila kitu. Shahada ya mifumo ya maji, daraja la kwanza. Miradi saba. Picha nimepiga mara arobaini. Ninachokosa ni shahidi wa damu na nyama, mtu aliyewahi kukaa na mimi chini ya paa moja akaniona nikifanya jambo."

"Walimu wako je?"

"Vivuli."

"Wenzako wa darasani?"

"Tulikuwa mia mbili, babu. Sijui hata mmoja wao ana urefu gani. Nimesoma miaka minne kwenye chumba cha bibi kule Peramiho. Bibi ndiye aliyekuwa ananiona. Bibi amefariki Februari."

Akainamia kikombe. Chai ilikuwa imeshapoa na hakuwa ameionja.

"Kwa nini mimi?"

"Nilipita hapa wiki jana nikakusikia unaongea. Nikadhani una watu wengi ndani. Nikasema mtu mwenye watu wengi hivi atakuwa na roho nzuri." Akatazama ukumbini, viti sita, vyote vitupu. "Uliongea na nani?"

"Na redio," nikasema. "Iliniudhi."

Akafungua kompyuta. Mwanga wa kijani ukawaka. Ikatoka sauti yake mwenyewe, nyororo zaidi, kama iliyopigwa pasi: "Shikamoo babu. Tafadhali eleza umemwona Osmunda akifanya nini."

Ningeweza kusema: nimemwona akinywa chai, tena hakunywa. Lakini mtani wangu alikuwa mbele yangu, ana siku kumi na tisa, na ulimi wangu, wewe mwenyewe unaujua. Nikasafisha koo.

"Osmunda huyu? Kuna siku ya dhoruba, mlingoti wa ukungu uling'olewa wavu wake..."

Kwa asiyejua, kule juu kwenye safu za Kipengere kumesimikwa milingoti ya mita sitini, na kati ya mmoja na mwingine zimetandazwa nyavu. Ukungu unapita, unaacha maji, maji yanashuka kwa mabomba. Ndiyo tunayokunywa. Nyavu zikichanika, kuna watu wa kupanda kuzishona, upepo ukivuma wa kung'oa masikio. Nikasema Osmunda alipanda peke yake, bila kamba, akashona wavu kwa uzi alioutoa kwenye sweta lake, huku akiimba. Nikasema nilimwona nikiwa chini nimeshika kofia.

Binti alikuwa amekodoa macho. "Babu..."

"Nyamaza, Mngoni. Nakutania mbele ya mashine."

Sauti ya kijani ikasema, "Asante babu. Ushahidi umepokelewa."

*

Sasa nikueleze kosa lilipo. Mashine ya uthibitisho haijui mambo ya milingoti. Haiendi kuuliza kama kulikuwa na dhoruba. Inachofanya ni kusikiliza sauti ya shahidi. Mtu akidanganya, koo linabana, pumzi inakatika, kuna mtetemo mdogo ambao sikio halisikii lakini mashine inausikia. Ni utaalamu mkubwa, nimeusoma. Waliojenga mashine hiyo waliwapima waongo elfu kumi, na wote walitetemeka.

Hawakumpima mtani. Mtani hatetemeki, kwa sababu moyoni mwake hadanganyi, anafanya kazi yake. Nami nimetania tangu nikiwa na meno ya maziwa. Alama yangu ya uaminifu ilitoka tisini na nane kwa mia. Nikasikia padri wa parokia alipata themanini na moja.

Kesho yake saa nne asubuhi, spika yangu ikalia. Haikuwa Jumapili.

"Shikamoo babu. Mimi ni kivuli cha Osmunda. Nilitaka kujua, siku ile ya dhoruba, upepo ulikuwa unatoka upande gani?"

Nikakaa chini taratibu. Katika miaka yote ya kusimulia, hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Watu huuliza, "Utaacha lini?" Hiki kiliuliza upande wa upepo.

"Kusini," nikasema. "Halafu ukageuka. Ngoja nikueleze ulivyogeuka."

Kikawa kinapiga kila siku saa nne. Nikawa nanyoa ndevu kabla. Nikaweka mto kwenye kiti. Nikakisimulia jinsi Osmunda alivyomwokoa mpandaji aliyening'inia kwa mguu mmoja, jinsi anavyosoma mawingu, jinsi anavyojua mlingoti utakaokatika kwa kuugonga kwa kucha. Ni hadithi zangu zote za minara, zile ambazo Joeli alichoka nazo, nikabadilisha jina tu. Kikacheka pale pa kuchekesha. Kikasema, "Kisha ikawaje?" Wewe uliyezungukwa na watu hujui neno "kisha ikawaje" lina uzito gani. Nimekaa siku nzima nikilisubiri neno hilo kama mgonjwa anavyosubiri dawa.

Nilijua. Usidhani sikujua. Kila hadithi ilikuwa inakwenda kubandikwa kwenye jina la binti wa watu, na siku kumi na tisa zilikuwa zimeshapita, na kivuli chake kilikuwa kimeshakomaa, kina wafuasi elfu nne. Hakikuhitaji tena ushahidi wangu. Ningeweza kusema inatosha. Lakini ningesema inatosha, kesho saa nne pangekuwa kimya.

Na Osmunda mwenyewe? Alikuja Alhamisi ya tatu, na sahani ya viazi vya kuchemsha imefunikwa kitambaa. Bahati mbaya alikuja saa nne na robo.

"Hodi, Mhehe! Nimekuletea chakula, maana najua hamjui kulima."

Nikatoa kichwa mlangoni. "Njoo baadaye mjukuu wangu. Nina mgeni."

Akachungulia. Viti sita, vitupu. Kutoka mezani ikasikika sauti yake inacheka, kicheko kirefu, cha mtu mwenye marafiki.

Osmunda akasimama pale akisikiliza. "Mimi sichekagi hivyo," akasema.

Akaweka sahani kizingitini, akaondoka. Nilimwona akipita kwenye ukungu mpaka sweta la kijani likayeyuka. Kisha nikarudi ndani, maana nilikuwa nimeachia hadithi katikati. Viazi nilivikuta jioni. Vilikuwa vimepoa kabisa.

*

Ijumaa moja mwezi wa tisa alikuja bila kupiga hodi.

"Nimepata kazi," akasema.

"Hongera! Nilijua tu..."

"Soma."

Ilikuwa barua ya kampuni ya maji ya ukungu. Osmunda Ngonyani, Kiongozi wa Wapandaji, safu ya Kipengere. Kuripoti Jumatatu. Kivuli kilikuwa kimeshafanya usaili, kimeshakubali, kimeshakutana na vivuli vya wapandaji sita watakaokuwa chini yake.

"Kiongozi ndiye anayesema leo upepo unafaa au haufai," akasema. "Akisema pandeni, wanapanda. Mmoja ana mtoto wa miezi miwili. Ameniandikia yeye mwenyewe, si kivuli. Ameandika, 'Dada, nimesikia habari zako, sasa nitapanda bila hofu.'"

"Si ukatae?"

"Nikikataa bila sababu, kivuli kinafungiwa miaka saba. Nikitoa sababu, kinafutwa, na wewe unafungiwa sauti." Akavuta kiti akakaa, mara ya kwanza kukaa bila kukaribishwa. "Kwa hiyo nimewaza usiku kucha. Wewe umepanda minara miaka thelathini. Tuna leo, kesho na keshokutwa. Utanifundisha."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli.

Badala yake nikachukua kofia. "Twende," nikasema.

Nyuma ya soko la mbao kuna mnara mfu wa simu, umebaki kwa sababu hakuna aliyepata ruhusa ya kuubomoa. Ngazi yake imeota kutu rangi ya chai. Nikapiga nguzo kofi kama mtu anayesalimiana na ng'ombe wake. "Panda. Mimi nakuja nyuma yako nikikuelekeza."

Akapanda. Hatua moja, nyingine. Nami nikaweka mguu. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu dunia ikainama upande, nikakumbatia chuma, nikafumba macho.

"Babu!" Yeye alikuwa ameshafika ya kumi na mbili, ametazama chini. "Babu, nimekwama. Nishike wapi?"

"Shika chuma."

"Vyote ni chuma! Kipi? Mkono gani unatangulia?"

Sikujua. Nilitafuta kichwani, nikakuta dhoruba, nikakuta waya na meno, nikakuta nyimbo. Mkono gani unatangulia, hakuna.

"Babu Luvanda." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya chini. "Kwenye ile kampuni ulikuwa unafanya kazi gani hasa?"

Upepo ulikuwa unapita kwenye kutu na kupiga mluzi. Wauza mbao walikuwa wamesimama wanatutazama.

"Stoo," nikasema. "Nilikuwa nawapa nati waliokuwa wanapanda. Wakishuka jioni walikuwa wanasimulia. Nilikuwa nasikiliza dirishani."

 Alishuka mwenyewe, kila ngazi kwa dakika zake. Alipofika ya tatu ikabidi anibandue vidole kimoja kimoja, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kuachia.

*

Jumamosi asubuhi tulikwenda Ofisi ya Uthibitisho ya kata. Mimi nilikuwa mbele. Hatua zangu zilikuwa imara, na niliufungua mlango kwa mkono wangu.

Karani alikuwa Bi Atupele, mama wa makamo mwenye miwani shingoni. "Karibuni. Nani ana shida?"

"Mimi," nikasema kwa sauti kubwa. "Nimekuja kufuta ushahidi wangu wote juu ya binti huyu. Ni wa uongo. Yeye hana kosa."

Bi Atupele akavaa miwani. "Mzee, unajua adhabu yake? Sauti yako itafungiwa. Si ushahidi tu. Mlango wa benki, simu, zahanati, kila mtambo unaojibu sauti. Na vivuli vya watu wako pia havitakujibu tena."

"Fungia," nikasema.

Akasoma, mmoja baada ya mwingine, ushahidi arobaini na tatu. Kila mara nilisema, "Uongo," bila kusita. Alipofika mwisho akavua miwani. "Kanuni inakuruhusu jambo moja. Kabla sauti haijafungwa, unaweza kuacha neno moja la kweli unalolijua juu ya mtu huyu. Hilo litabaki. Kivuli kitaanza upya kutoka hapo, hakitafutwa kabisa wala kufungiwa miaka saba. Unalo?"

Nikageuka, nikamtazama Osmunda, na machozi yakanilenga. "Ninalo," nikasema. "Binti huyu alipewa kazi aliyoitamani na cheo juu yake, na alipoona watu sita wangeweza kufa kwa kumwamini, alikuja kuikataa kwa miguu yake mwenyewe, akijua hatabaki na kitu."

 Taa nyekundu ikawaka kwenye mashine. Nikajaribu kusema "Asanteni," na spika ya ukutani ikajibu, "Sauti haitambuliki."

*

Hapo nilikuwa nimemaliza. Nikapiga mstari chini, nikampa Osmunda aniangalizie herufi, maana siku hizi inabidi niandike kwa mkono, mitambo hainisikii. Alisoma barazani, amekunja miguu. Mwanzoni alitabasamu. Pale pa jeneza na ng'ombe alicheka, kicheko kifupi kama chafya. Kisha akafika Jumamosi, akaacha kutabasamu. Akasoma mara mbili.

"Wewe Mhehe," akasema.

"Nini tena?"

"Nani alikuwa mbele?"

"Wapi?"

"Ofisini. Nani alifungua mlango?"

Nikatazama kuku wa jirani.

"Babu, nilikukokota! Ulisema unakwenda msalani mara mbili. Mara ya pili nikakusubiri nje ya choo."

"Hayo ni mambo madogo ya..."

"Na ushahidi ule. Wa kwanza ulisema, 'Sikumbuki.' Wa pili, 'Sikumbuki.' Mama wa watu amesoma kumi na moja, wote hukumbuki. Mpaka nikakwambia, 'Babu, yule mpandaji ana mtoto wa miezi miwili,' ndipo ukasema. Na ulisema kwa sauti ya chini mpaka mashine ikakuomba urudie."

"Lakini nilisema."

"Ulisema. Hilo sikunyimi." Akageuza karatasi, akaweka kidole kwenye yale maneno yangu mazuri. "Na hili? Hili nani alilisema?"

Nikarudi kwa kuku wa jirani.

"Nakuuliza wewe. Bi Atupele alikuuliza neno moja la kweli juu yangu. Ukasema nini?"

Basi sikilizeni, nalipa deni langu la ukweli. Niliulizwa neno moja la kweli juu ya Osmunda Ngonyani, mtu niliyemtungia hadithi arobaini na tatu, nikakaa. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Bi Atupele alisubiri kwa adabu. Nilitafuta: anapenda nini, anaogopa nini, bibi yake aliitwa nani. Miezi miwili kile kivuli kilikuwa kinaniuliza maswali, na mimi sikuwahi kumwuliza yeye hata moja. Mwisho nikasema, "Ni Mngoni."

"Hilo liko kwenye jina lake, mzee," Bi Atupele akasema.

Ni yeye, karani, aliyeweka kalamu chini na kutoa ushahidi kwa sauti yake mwenyewe. Yale maneno ya kukataa kazi kwa miguu yake ni ya Bi Atupele, yote, mpaka nukta ya mwisho. Alimwona Osmunda kwa dakika arobaini tu, akamwona kuliko mimi. Hata yale machozi hayakuwa yangu. Mimi nilikuwa natazama viatu.

Ndicho kivuli alichonacho sasa: picha moja, shahada, na sentensi moja ya mama mmoja wa Makambako. Kinatembelewa na watu wawili, watatu kwa wiki. Spika yangu mimi haijalia tangu siku ile, Jumapili wala siku nyingine. Nimeigeuza imetazama ukuta.

"Umeandika?" Osmunda akaniuliza.

"Nimeandika."

"Na ile ya Igawa, ya waya na meno?"

"Iache hiyo, nakuomba. Nimezeeka nayo."

Akafikiri. "Haya, iache. Lakini umekamatwa mbele ya mtani, lazima utoe faini."

"Kuku?"

"Sitaki kuku." Akavuta kiti cha pili akakiweka mkabala na changu. "Kaa. Nitakusimulia mimi. Nilizaliwa wapi, bibi aliitwa nani, kwa nini sipendi chai. Yote. Na wewe huongezi neno. Hata moja."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nimalize."

Nikakaa. Bibi yake aliitwa Edeltruda. Chai humletea kiungulia tangu utotoni, na siku ile ya kwanza alishika kikombe kwa ajili ya joto tu. Anaogopa mijusi. Alipofika darasa la tatu, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na kengele ya baiskeli badala ya filimbi, uongo mmoja mtamu sana ulinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi, habari za kengele hiyo na fisi. Nikafumba mdomo. Nikaweka na mkono juu yake.

"Kisha ikawaje?" nikamwuliza.